Dau la Mkesha wa Majivu

Jasper, Indiana
Jumatatu, 27 Januari 1997

Dot mdogo wangu,

Haya, umeshinda dau tena. Maseremala wetu wa mpira wa kikapu wamekwenda mapumziko wakiwa nyuma kwa pointi kumi na moja, vilevile ulivyotabiri. Nyie huko kilimani mko masista sitini na rozari zenu, mimi niko peke yangu na redio inayokoroma. Nitafua dafu wapi?

Sharti lako nimelitimiza. Misa ya saa kumi na mbili asubuhi, siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza Padri Gervase aliniona akasahau alipofikia kwenye sala. Siku ya tatu akaniuliza, "Urban, umeshindwa na Sista tena?" Nikamwambia asome misa yake.

Umeuliza hali yangu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa wananikalisha kwenye kile kiti saa nne nzima, mashine inanyonya damu huku, inairudisha kule. Mimi niliyetengeneza viti kiwandani miaka thelathini na nne nakuambia, aliyebuni kiti kile hajawahi kukikalia hata dakika kumi. Nyumbani binti yangu Jolene, kwa amri ya daktari, ananipimia maji kwa kikombe alichokinywea yeye alipokuwa mtoto. Viazi anavichemsha mara mbili mpaka ladha yote inakimbia. Wiki iliyopita niliota glasi ya maji. Hakuna kingine kilichotokea ndotoni, Dot. Ilikuwa glasi tu, imejaa, iko mezani.

Sasa jambo moja. Binti yangu ameropoka kwamba ulimpigia simu kuuliza kundi langu la damu. Najua unakoelekea. Geuza ungali mbali.

Kaka yako,
Urban


Nyumba ya Watawa, Kilimani
Alhamisi, 30 Januari 1997

Kaka Urban,

Umechelewa kunigeuza, nimeshafika.

Lile jino lililonipeleka Louisville mwezi wa Desemba halikuwa jino. Nilikwenda kupimwa. Sista Walburga aliendesha gari na Mama Mkuu alijua kila kitu, wewe peke yako ndiye uliyeambiwa habari ya jino. Walinitoa damu chupa nyingi kuliko nilizodhani mtu anazo, wakanipiga picha ndani na nje, wakaniuliza kama ninavuta sigara. Majibu yamekuja. Figo zangu ni nzima zote mbili, na daktari anasema zinakufaa sana. Nina miaka hamsini na sita, anasema nitaishi vizuri na moja. Nakupa moja.

Najua utasema hapana. Ulisema hapana hata mama alipotaka kukununulia koti la harusi. Kwa hiyo sikubembelezi, nakuwekea dau. Tangu mwaka sabini na mbili hujawahi kulikataa dau langu, na uliposhindwa hujawahi kukimbia. Hilo nakusifu, ingawa mengine mengi sikusifu.

Jumanne tarehe 11 Februari Maseremala wanacheza na Bethabara. Kesho yake ni Jumatano ya Majivu, na Kwaresima hatubeti mpaka Pasaka, kama desturi yetu. Kwa hiyo ni mechi hiyo au basi. Masharti ni yaleyale: nusu ya kwanza tu, nani anaongoza wakienda mapumziko. Kengele ya ukimya wa usiku ikilia nazima redio. Nusu ya pili ni ya Mungu na ya gazeti la asubuhi.

Nikishinda, unaichukua figo. Ukishinda, taja unachotaka.

Dada yako,
Odilia (kwako Dot, sina la kufanya)


Jasper
Jumatatu, 3 Februari 1997

Dot,

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye mashine. Nesi akaja mbio kwa sababu presha ilipanda. Nikamwambia si ugonjwa, ni dada yangu.

Nisikilize vizuri. Mke wangu Marlene alipofariki, Jolene alikuwa na miezi minane na wale wavulana wawili hawakujua hata kujifunga viatu. Wewe ulikuwa umebakiza wiki sita uweke nadhiri zako za daima. Ukaomba ruhusa ukaja kwangu na sanduku moja. Ukakaa mwaka na nusu ukifua nepi na kunipikia, na mimi wala sikuwa naongea siku hizo. Wenzako sita waliweka nadhiri pamoja, kanisa limejaa, baba na mama zao wakilia. Wewe uliweka peke yako, Jumanne ya mvua, na watu wa kwetu tulikuwa wanne. Nilikaa benchi la mbele na mtoto mapajani nikahesabu nilichokugharimu. Asante hata sikusema. Nilikutengenezea kiti.

Umeshanipa mwaka na nusu. Sasa unataka kunipa na nyama ya mwili. Na kama ukifia juu ya kitanda chao? Mimi nitatembea mjini na figo yako tumboni nikimwambia nani nini?

Lakini dau ni dau, sitaki uende kuwaambia wenzako kwamba Urban ameogopa. Ila mimi ndiye mkubwa, nachagua kwanza. Nachukua Bethabara. Ndiyo, umesoma sawa. Tangu nizaliwe sijawahi kubeti dhidi ya Maseremala, lakini mwaka huu hawajui hata kupasiana chumvi mezani. Bethabara wakiongoza, neno figo usilitaje tena mpaka siku ya kunizika. Maseremala wakiongoza, napanda kitanda chenu bila kufungua mdomo. Wakitoka sare, hakuna dau.

Urban


Kilimani
Alhamisi, 6 Februari 1997

Kaka,

Nimekubali. Angalia muhuri wa posta, usije ukasema niliandika baadaye.

Umeniachia Maseremala ukidhani umeniachia mfupa. Sawa. Yule nambari kumi na nne, mtoto wa muuza mbegu wa Huntingburg, atakushangaza.

Na kuhusu ile Jumanne ya mvua: sikujua kwamba uliihesabu. Mimi ninachokumbuka ni kwamba Jolene alipiga kelele "Doti!" Askofu alipouliza kama nipo. Ilikuwa siku nzuri, Urban. Acha kunihurumia kwa siku nzuri.

Odilia


Kilimani
Jumatano ya Majivu, 12 Februari 1997, asubuhi kabla ya chai

Kaka yangu, kaka yangu,

ASANTE. Sijui namshukuru nani kwanza, Mungu, wewe, au mtoto wa muuza mbegu.

Nakuandikia ilivyokuwa huku. Tulisikilizia chumba cha kufulia, mimi na Walburga, yeye akipiga pasi vitambaa vya altare. Bethabara walituongoza muda wote. Sekunde tatu zimebaki, ni thelathini na tatu kwa thelathini na moja, wao mbele. Walburga akaniambia, "Sista, usilie kwenye vitambaa, nimeshavipiga pasi." Mara nambari kumi na nne akaupokea mpira mstari wa katikati, hakuangalia mtu, akaurusha. King'ora kikalia mpira ukiwa juu. Mtangazaji akapiga ukelele, "Imeingia! Imeingia! Thelathini na nne kwa thelathini na tatu!" kisha sauti ikamkauka. Papo hapo kengele yetu ikalia. Nikazima redio.

Kanisani sikuweza kusali sala hata moja ikafika mwisho. Nilikuwa nasema asante tu, asante, asante, mpaka jirani yangu akanikanyaga kwa sababu nilikuwa nasema kwa sauti na ukimya umeshaanza.

Tumeongoza kwa pointi moja, Urban. Moja inatosha.

Odilia

N.B. Nimeifungua tena bahasha saa nne kasorobo, kabla mtu wa posta hajapita. Nataka kuongeza hili tu: usiniandikie habari zaidi za mechi ile. Kwaresima ni Kwaresima. Ongea na daktari, panga tarehe.


Jasper
Jumamosi, 15 Februari 1997

Dot,

Barua imefika. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nimemsomea Jolene. Alikwenda jikoni akafungulia bomba ili nisimsikie analia, kana kwamba mimi sijui bomba linatumiwa hivyo katika nyumba hii.

Redio yangu ilikoroma sana jioni ile, lakini sina neno. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimeshindwa. Nimempigia daktari. Amesema Jumanne tarehe 11 Machi, Louisville.

Beba soksi nzito. Hospitali zote zina baridi.

Urban


Louisville, ghorofa ya nne
Jumatatu, 10 Machi 1997

Kaka,

Nesi mwenye nywele nyekundu amekubali kukuletea hiki kikaratasi huko ghorofa ya tano. Ni Mbaptisti lakini ana roho nzuri sana.

Wamenichora msalaba ubavuni kwa wino wa bluu ili wasikosee upande. Nimewaambia wamechora vizuri, tunaweza kuanza na sala.

Siogopi. Nilidhani nitaogopa, lakini nimekula supu yangu yote na ya jirani. Kuna jambo nitakuambia tukishaamka. Si la kukutisha, linanitisha mimi. Ukiamka kabla yangu, usimsumbue nesi.

Asante kwa kukubali. Najua kwako kupokea ni kugumu kuliko kutoa.

Odilia


Louisville, ghorofa ya tano
Jumamosi, 15 Machi 1997

Dot,

Utanisamehe mwandiko, mkono mmoja umefungwa mipira ya dawa.

Kwanza habari kubwa. Nimekojoa. Cheka tu, lakini miaka miwili sijakojoa vya kutosha hata kuulowesha ukucha, na juzi chombo kilijaa mpaka nesi mwekundu akapiga makofi, na daktari aliyekuwa mlangoni naye akapiga. Katika maisha yangu yote sijapigiwa makofi, hata siku ya kustaafu. Wanasema figo yako ilianza kazi mle mle chumbani, kabla hawajanishona. Ni ya kwako kweli, haiwezi kukaa bila kazi.

Halafu jana wameniletea maji. Glasi ya kawaida, imejaa. Nesi akasema kunywa. Nikamuuliza kiasi gani. Akasema, "Bwana Vollmert, kunywa mpaka utosheke." Niliishika nikaiangalia, nikanywa yote, nikalia mbele ya watu nisiowajua. Asante, Dot. Haya, nimesema. Asante ya mwaka sabini na moja nayo iingie hapohapo.

Sasa jambo la pili. Siwezi kuwa na figo yako na uongo wangu katika tumbo moja.

Dau lile ulishindwa. Wewe ulizima redio kengele ilipolia. Mimi sikuzima. Waamuzi watatu walikusanyika kwenye meza ya mtunza saa, wakasemezana dakika mbili, kisha mkubwa wao akapunga mikono: haihesabiwi. King'ora kilikuwa kimelia mpira ungali mkononi mwa yule mtoto. Bethabara thelathini na tatu, Maseremala thelathini na moja. Niliruka kwenye kiti. Nimeshinda! Nikageuka nimwambie Jolene, nikamkuta amesimama na sufuria ya viazi vyake vya kuchemsha mara mbili, ananitazama. Nikakaa chini. Nikaona nimeshinda nini sasa? Nimeshinda kiti cha mashine Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mpaka nife.

Kusema kweli wiki nzima nilikuwa nimeomba nishindwe. Nilichukua Bethabara kwa kiburi, na usiku nawaombea Maseremala kimyakimya. Kisha barua yako ikaja, ASANTE kwa herufi kubwa, nikajua hujui. Ningefanyaje? Nikuandikie kwamba mpira haukuhesabiwa? Nikasema, kwa mara moja Urban, nyamaza upokee.

Nimekulaghai figo. Ukitaka kunikasirikia una haki. Kuirudisha sitairudisha.

Urban


Louisville, ghorofa ya nne
Jumapili, 16 Machi 1997

Urban!

Nimecheka mpaka mshono umeuma na nesi amekuja kuniuliza kama nimepatwa na degedege. Ameichukua barua yako akaiweka mbali. Nimesubiri aondoke, nimeichukua tena.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwangu ilikuwa fupi kama korido yetu. Ngoja nikuambie.

Ile barua ya Majivu niliiandika kabla ya chai, kwa moyo safi kabisa. Nikaifunga, nikaiweka kwenye kapu la posta koridoni. Nikaenda kupakwa majivu, nikaenda kunywa chai. Walburga akafungua gazeti ukurasa wa michezo, akakohoa. Akanisogezea. Mapumziko: Bethabara 33, Maseremala 31. Na maneno mawili chini yake juu ya kikapu kilichofutwa.

Mtu wa posta hupita saa nne. Nilitoka mezani nikasimama mbele ya lile kapu na majivu usoni. Nikaitoa barua, nikaifungua, nikashika kalamu. Nilikusudia kuandika: Kaka, nilikosea, umeshinda. Naapa nilikusudia. Mkono ukaandika kitu kingine, ukakuambia usiniandikie habari za mechi. Nikalamba bahasha, nikairudisha kapuni. Siku ya kwanza ya Kwaresima! Sista kwa miaka thelathini!

Kisha ukajibu kwamba redio ilikoroma na kwamba umeshindwa. Nikaamini hukusikia. Mwezi mzima nimekuwa nikijiona mwizi aliyemwibia kiziwi. Hilo ndilo jambo nililotaka kukuambia tukiamka, na siku tano hizi kila nesi akija nasema kesho.

Niliungama kwa Padri Gervase wiki mbili zilizopita. Nilipofika kwenye pointi moja aliniuliza, "Huyo mtoto ni nambari kumi na nne?" Nikamwambia Padri, ninaungama. Akasema samahani, endelea. Vitubio alivyonipa ni viwili. Cha kwanza, nikuambie ukweli utakapokuwa na nguvu za kukasirika. Cha pili, nisikilize mechi moja mpaka mwisho. Alisema miaka ishirini na mitano nimekuwa nikihukumu kwa nusu, na tazama imenifikisha wapi.

Basi tumedanganyana wote wawili, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma, na figo imefika ilikotakiwa kufika. Sikukasirikii. Nakushukuru. Ungesema ukweli wako, au mimi ningesema wangu, leo ungekuwa kwenye kile kiti. Sijui Mungu anaandikaje hesabu ya jambo kama hili, nimemwachia.

Mimi wananiruhusu kesho. Natembea nimejikunja lakini natembea. Mama Mkuu nimemwomba ruhusa kuhusu kitubio cha pili. Amesema fainali ya vyuo ni Jumatatu ya Pasaka, Kwaresima itakuwa imekwisha, na ukimya wa usiku ule mmoja ameuondoa kwa ajili yangu. Sasa nina shida. Nusu ya kwanza naijua. Nusu ya pili watu huchaguaje?

Dada yako mwongo,
Dot


Jasper
Jumamosi Kuu, 29 Machi 1997

Dot,

Niko nyumbani wiki moja sasa. Jolene bado anachukua kile kikombe cha mtoto kwa mazoea, kisha anakumbuka, anakirudisha kabatini na kunipa glasi. Jana nimekula kiazi cha kuoka, na ganda lake, na siagi. Ningekuandikia kurasa mbili juu ya kile kiazi lakini wewe unakula viazi kila siku, hutaelewa.

Padri Gervase amekuja kunisalimu. Alinywa kahawa yangu, akaangalia dari, akasema yeye hajui lolote kuhusu mechi yoyote. Nikamjaza kikombe.

Jumatatu njoo mapema. Walburga akulete kabla ya giza, Jolene atakulaza chumba chake cha zamani. Kiti chako nimekitoa chumbani. Unakijua, kile nilichokutengenezea uliporudi kilimani ukasema kitabaki kwangu maana nyinyi hammiliki viti. Kila mechi uliyowahi kusikilizia hapa ulikiacha kwenye mapumziko, na nusu ya pili nilisikiliza nikiwa na kiti kitupu kando yangu. Nimekipaka nta na kukaza mguu mmoja.

Umeuliza nusu ya pili watu huchaguaje. Hawachagui, Dot, wanakaa tu wanaona. Mimi nitakufundisha kunyamaza, utanifundisha kusali, tuone nani atashindwa kwanza.

Dau lenyewe nimelifikiria siku tatu. Nikishinda nikuombe nini? Sina ninachokosa. Na wewe umebakiza moja tu, hiyo ukae nayo. Kwa hiyo safari hii tubeti bure. Wewe chagua kwanza, ingawa mimi ndiye mkubwa.

Maji yako kwenye friji, jagi zima.

Kaka yako,
Urban